Uliza Tukujibu: Vituko bila stori vinachosha haraka

Toleo lililopita niliandika kwamba filamu ya vichekesho vya ajabuajabu, ile yenye watu wa vituko na mambo yasiyo ya kawaida, ndo ngumu kuliko zote kuandika. Nikasema inahitaji stori iliyosukwa kwa nguvu kuliko hata muvi ya polisi na majambazi. Basi barua zimemiminika. Wapo waliokubali na wapo walionikalia kooni, wanasema kichekesho ni kichekesho tu, mtu anataka acheke akalale, stori ya nini. Nimechagua tano. Mbili za kwanza nazijibu kwa kirefu kwasababu ndo zenye nyama.

Dada habari za kazi. Juzi tulikaa watu wanne tukaangalia muvi moja ya komedi, sitaitaja jina. Humo ndani kila mtu wa ajabu, baba anaongea na samaki wake, mama anavaa miwani ya kuogelea ndani ya nyumba, jirani anatembea kinyumenyume, yani mji mzima ni hivohivo. Dakika kumi za kwanza nilicheka mpaka machozi. Baada ya nusu saa nikajikuta nachezea simu na mwisho sikuuona, nilisinzia. Wenzangu wanasema mimi ndo mwenye tatizo, eti komedi haiulizwi stori. Ni kweli? – Aliyesinzia

Ndugu yangu huna tatizo lolote, na nimefurahi umeniandikia dakika zenyewe, maana hapo ndo jibu lilipo. Dakika kumi ulicheka. Kwanini dakika kumi na sio saa nzima?

Kicheko kinakuja pale unapotegemea hiki ukaletewa kile. Mtu akitembea kinyumenyume kwenye mtaa ambao wenzake wote wanatembea mbele, huyo anachekesha, na tena unaanza kujiuliza kimemkuta nini, anaenda wapi, akifika kwenye ngazi itakuwaje. Lakini mtaa mzima ukitembea kinyumenyume, baada ya muda macho yako yanazoea, hiyo inakuwa ndo kawaida ya pale, na kitu cha kawaida hakimchekeshi mtu. Waliotengeneza hiyo muvi walimaliza akiba yao yote mwanzoni. Kingeweza kukushikilia kitu kimoja tu, hamu ya kujua mbele kuna nini, na hamu hiyo haipo kwasababu yule baba wa samaki hakuna anachokitafuta. Angekuwa anaongea na samaki kwasababu mwanae ameacha kuongea nae miezi sita sasa, ungekaa macho mpaka mwisho. Ungecheka na huku moyo unakuuma kidogo.

Mimi naliona hivi: mtazamaji anapokaa kuangalia muvi ya vituko, anamkopesha mwandishi imani. Anakubali uongo mmoja mkubwa, na anaukubali mwanzoni tu. Baada ya hapo anataka kila kitu kiende kwa ukweli mtupu, yani ukishakopa huo mmoja inabidi uanze kulipa.

Chukua Groundhog Day ya 1993 ambayo dairekta wake ni Harold Ramis. Mtangazaji wa hali ya hewa, Phil, anaigizwa na Bill Murray, anaenda mji mdogo wa Punxsutawney kuripoti sherehe ya tarehe 2 Februari, alafu siku hiyo inagoma kuisha. Kila akiamka ni saa 12 kamili asubuhi, redio inapiga wimbo uleule, tarehe ni ileile. Kwanini? Muvi haisemi mpaka inaisha, na hakuna anaedai aelezwe. Huo ndo uongo tuliowakopesha. Ila angalia baada ya hapo walivokuwa wakali na sheria zao. Ni Phil peke yake anaekumbuka. Hata akifa anaamka saa ileile. Kitu alichokivunja jana leo kipo kizima. Hawajaivunja sheria hata mara moja ili wapate kicheko cha haraka, na ndo maana sisi watazamaji tunaanza kuwaza pamoja na Phil, mimi ningekuwa yeye ningefanyaje leo.

Na Phil mwenyewe anafanya yale ambayo mtu wa kweli angeyafanya. Mwanzo anachanganyikiwa. Akielewa hakuna adhabu ya kesho anakuwa mbaya, anaiba hela kwenye gari la benki, anawadodosa wanawake habari zao ili siku ya pili awadanganye kwa kutumia habari hizohizo. Alafu inamchosha, anakata tamaa mpaka anajiua, tena zaidi ya mara moja, na bado anaamka. Kuna mzee mmoja ombaomba, Phil anajaribu kumwokoa, anamlisha, anamhangaikia, na kila siku mzee anakufa tu. Hiyo sio sini ya kuchekesha hata kidogo. Lakini itoe pale, utashangaa Phil wa mwisho, yule mwenye roho nzuri, hutamwamini tena, utaona kama amebadilishwa na mwandishi. Mzee ndo anaemfundisha kwamba siku moja hata uipate mara elfu kuna kitu kitakushinda.

Mfano wa pili karibu kila mtu kauona, Home Alone ya 1990. Watu wakiizungumzia wanakumbuka mitego ya mtoto aliyebaki nyumbani peke yake, makopo ya rangi na wale wezi wanavoteleza, sawa, zile ni raha. Mimi nakuomba uirudie uangalie dakika 20 za mwanzo tu, kabla hata wezi hawajaanza kazi. Waandaaji walikuwa na mlima wa kupanda: mzazi gani mwenye akili timamu anapanda ndege kwenda Paris anamsahau mtoto wa miaka minane nyumbani? Ukilikosea hilo muvi yote imeanguka, unamchukia mama tangu mwanzo na hakuna kitakachokuchekesha.

Sasa ona walivosuka. Nyumba imejaa ndugu, watoto kibao, kelele. Wakati wa kula vinywaji vinamwagika mezani, kwenye ile pilikapilika ya kufuta tiketi ya huyo mtoto, Kevin, inaingia kwenye taka, kwahiyo kesho yake uwanjani hakuna tiketi itakayobaki mkononi mwa mtu ikamshtua. Kevin anagombana na kaka yake, anaadhibiwa akalale juu kabisa darini, mbali na wenzake. Usiku upepo unakata umeme, saa za kuamshia zinaharibika, familia nzima inachelewa kuamka, sasa ni kukimbia. Na binti anaeambiwa ahesabu watoto anamhesabu mtoto wa jirani aliyekuja kupekua mizigo, hesabu inatimia! Kila kimoja ni kitu kidogo ambacho kinaweza kukutokea wewe. Vikikutana vyote asubuhi moja, jambo lisilowezekana limewezekana, na mama bado unampenda.

Kuna kingine hapo ambacho mimi nakipenda kuliko hata mitego. Usiku ule Kevin kwa hasira alitamani familia yake ipotee. Asubuhi kweli hawapo. Kwa hiyo yeye anaamini amewapoteza yeye! Mtoto yoyote anawaza hivo. Muvi ikaacha kuwa ya mitego ikawa ya mtoto anaetamani kufuta alichokisema, na ndo sababu watu wazima wanaiangalia mpaka leo.

Kwa hiyo ndugu Aliyesinzia, wenzako wana haki ya kupenda wanachopenda, kuna mtu vituko peke yake vinamtosha kabisa na siwezi kumgombeza. Lakini wakikwambia komedi haiulizwi stori waombe wakusimulie hiyo muvi mwanzo mpaka mwisho. Nadhani wataishia kwenye yule baba na samaki.

Shikamoo dada. Nina miaka 22 naandika skripti yangu ya kwanza ya komedi. Stelingi wangu ni mtu wa vituko sana, anavaa helmeti muda wote hata akilala, anaogopa ngazi, anaokota funguo za watu anazikusanya, anaongea kwa mashairi, na anatembea na kobe. Kila niliyemuonyesha anacheka ukurasa wa kwanza alafu anaacha kusoma. Nimeongeza vituko vingine lakini hali ni ileile. Nifanye nini? – Mwandishi chipukizi

Marahaba mdogo wangu, na hongera, kumaliza hata kurasa kumi ni kazi ya watu wachache. Kwanza acha kuongeza. Mtu asiposhiba kwa sababu chakula hakina chumvi humpi sahani ya pili ya chakula kilekile.

Stelingi wako kwa sasa ni orodha. Vitu vitano vimesimama mstari mmoja, hakuna kinachomgusa mwenzake. Ndo maana msomaji anacheka akikutana navyo mara ya kwanza, ni kama anatambulishwa kwa mtu mgeni, alafu baada ya utambulisho mgeni hana la kusema. Wewe jiulize maswali mawili tu kwa kila kituko: kimetoka wapi, na kinamgharimu nini. Kituko ambacho hakijawahi kumgharimu mtu chochote ni nguo tu, anaweza kuivua na stori isishtuke.

Tujaribu na wako. Anaogopa ngazi. Vizuri sana, hicho ni kitu cha kweli, watu wanaogopa vitu vya ajabu kuliko hicho. Sasa mpe kitu anachokitaka kuliko pumzi yake, ukiweke ghorofa ya nane, alafu lifti iharibike. Umeona? Bado hatujaandika mzaha hata mmoja na tayari nina hamu ya kujua. Huko juu kuna nini? Labda dada yake aliyegombana nae yuko kule anahama leo saa kumi jioni na akiondoka ndo basi. Muda unakwenda, yeye yuko chini anaangalia ngazi. Atajaribu kila njia isipokuwa ngazi, na humo kwenye hizo njia ndo vicheko vitakuja vyenyewe wala hutavitafuta.

Helmeti nayo. Mtu haanzi tu kuvaa helmeti. Pengine alianguka kwenye ngazi akiwa mdogo, na huyo dada yake ndo alikuwa amemshika mkono akamwachia. Sasa helmeti na ngazi na dada vimekuwa kitu kimoja. Kumbe ugomvi wao wa leo una mizizi, na siku akiivua ile helmeti mbele ya dada yake hutahitaji maneno, hata mtu anaesoma atajua kitu kikubwa kimetokea. Funguo za watu anazookota, weka moja ambayo imekaa kwenye kopo lake tangu ukurasa wa tatu, na ukurasa wa 70 ndo inafungua mlango fulani. Mashairi yamuumize: mlinzi wa mlangoni anamuuliza swali la ndio au hapana, yeye anajibu beti mbili, mlinzi anazidi kukasirika, na stelingi anajua kabisa anajiharibia lakini akiwa na woga hawezi kuongea vingine. Kobe mimi ningemtoa. Kama unampenda sana basi mpe kazi, kobe asiye na kazi hata kama anachekesha atakulia kurasa bure.

Usiogope kwamba ukiweka sababu utaua uajabu. Napoleon Dynamite ya 2004 ni moja ya muvi za ajabu kuliko zote zilizopata kupendwa, ilitengenezwa kwa bajeti ndogo mno, dairekta wake Jared Hess, na ukiiangalia kwa haraka utasema haina stori kabisa. Kijana wa shule asiye na mbele wala nyuma, anasema uongo wa kitoto, anavaa anavyojua mwenyewe. Katikati ya mambo yote anapata mkanda wa video wa kufundishia densi, anafanya mazoezi chumbani kwake peke yake, unaona tu kama kituko kingine unapita. Mwisho rafiki yake Pedro anagombea uongozi wa shule, ghafla anaambiwa baada ya hotuba lazima na onyesho liwepo na hawakujiandaa. Napoleon anatoa kanda anasema wapige muziki. Anacheza peke yake mbele ya shule nzima. Na anacheza vizuri! Ukumbi wote unasimama. Ile densi ingewekwa katikati ya muvi bila sababu ingekuwa klipu ya kuchekesha ya dakika mbili. Pale ilipowekwa, mtu ambae shule nzima inamdharau anatoa siri yake ya chumbani hadharani ili kumwokoa rafiki. Mimi machozi yalinitoka na sioni aibu kusema.

Alafu tafuta Little Miss Sunshine ya 2006, iangalie na kalamu mkononi. Skripti yake ya Michael Arndt ilichukua Oscar, na ilistahili. Familia nzima ya watu wa ajabu ndani ya gari moja la njano wanampeleka binti mdogo, Olive, kwenye mashindano ya urembo ya watoto. Klachi ya gari imekufa, kwa hiyo ili liwake lazima wote washuke wasukume, likishachanganya wanakimbia wanarukia mlangoni mmoja mmoja. Ni kituko, unacheka kila mara. Lakini fikiria mwandishi alichokipata hapo: watu wasioongea vizuri, kila mmoja ana hasira na mwenzake, na hawawezi kwenda popote bila kusukuma pamoja. Kwenye hiyo klachi umeshaiona stori yote na tabia zao zote, na hakuna mhusika aliyefungua mdomo akasema jamani familia ni umoja.

Kaka yake Olive, Dwayne, ameapa haongei mpaka aingie jeshini kuwa rubani, anaandika kwenye kijitabu. Kituko kweli, na robo tatu ya muvi unacheka nacho. Sasa njiani wanagundua kwa bahati tu kwamba hawezi kutofautisha rangi. Rubani wa jeshi haruhusiwi kuwa hivo. Gari linasimama, kijana anakimbia bondeni, na neno lake la kwanza ni kilio cha hasira. Mama anashuka kumbembeleza anashindwa. Anatumwa Olive. Anashuka taratibu, anachuchumaa pembeni yake, anamwekea mkono, hasemi kitu. Baada ya muda kijana anasema twende. Ukimya wake wote ulikuwa unalipia hiyo dakika moja. Hebu jiulize kituko gani cha stelingi wako kinaweza kulipia dakika kama hiyo.

Kipimo cha mwisho nakupa, sio changu, ni cha Trey Parker na Matt Stone wanaotengeneza katuni ya South Park, waliwahi kuwafundisha wanafunzi wa uandishi. Simulia skripti yako kwa mdomo. Kama kati ya sini na sini unasema "alafu... alafu... alafu", una matatizo. Unatakiwa ujikute unasema "kwa hiyo" au "lakini". Fanya hivo na mtu, usifanye peke yako, ukiwa peke yako utajidanganya. Ukimaliza uniandikie tena, nataka kujua dada wa ghorofa ya nane imekuwaje.

Dada mimi naomba kupinga kidogo. Mr. Bean hana stori, haongei, hatumjui anatokea wapi, na dunia nzima inamcheka. Unasemaje hapo? – Mpenzi wa Bean

Nasema asante, maana Bean ni shahidi wangu mimi.

Kumbuka kipande cha kwanza kabisa kilichorushwa, 1 Januari 1990, sini ya mtihani. Bean amesoma somo moja kwa bidii, anajisifu kwa jirani yake. Karatasi inatoka, ni maswali ya kitu kingine kabisa ambacho hajagusa. Hapo tayari ana shida, na saa inakwenda. Anajaribu kuchungulia kwa jirani, anapuliza karatasi ya mwenzake, analia, anaita mama yake. Mwisho msimamizi anatangaza, waliofanya mtihani huu waweke hapa na waliofanya ule waweke pale, na Bean anaingiza mkono kwenye bahasha na kutoa karatasi ya pili, ile aliyosomea, ilikuwemo muda wote! Niambie hiyo sio stori. Ina mtu anaetaka kitu, ina kikwazo, ina muda unaoisha, na mwisho unaogeuza kila kitu huku ukiwa wa haki kabisa kwasababu bahasha tuliiona tangu mwanzo.

Na kuhusu kutomjua, mbona tunamjua vizuri tu. Rowan Atkinson mwenyewe, anaemwigiza Bean, amekuwa akimweleza kama mtoto aliye kwenye mwili wa mtu mzima, na ukilishika hilo kila anachofanya Bean kinaeleweka. Mtoto hapendi kushindwa, anadanganya kwenye mchezo, anamtunza mdoli wake, hajui kama anaangaliwa. Hajawahi hata siku moja kufanya kitu ambacho Bean asingekifanya. Hutamkuta ghafla amekuwa mkarimu kwasababu tu sini inahitaji. Huo ndo uhusika wa kuaminika, hauhitaji wasifu wala historia ya kuzaliwa.

Wewe dada unatuharibia raha. Airplane! ni mizaha mwanzo mwisho, haina hata dakika ya stori, na ni moja ya komedi bora duniani. Acha kufanya vicheko viwe darasa. – Nimekasirika

Ndugu yangu usikasirike, tunaipenda muvi moja. Ila umegusa mfano ambao mimi nautumia kila siku.

Waliotengeneza Airplane! mwaka 1980, Jim Abrahams na ndugu wawili David na Jerry Zucker, walikuta muvi ya zamani ya 1957 inaitwa Zero Hour!, sio komedi hata kidogo, ni ya kutia hofu. Ndege iko angani, marubani na abiria wanaugua kwa chakula walichokula, na mtu pekee anaeweza kuishusha ni rubani wa zamani wa vita ambae kumbukumbu za vita zimemvunja. Walinunua haki za skripti ile. Wakaichukua stori karibu yote, mpaka jina la stelingi, Stryker akawa Striker. Yani watu waliotaka kutengeneza muvi ya mizaha mitupu, walienda kwanza kununua stori inayosimama yenyewe! Walijua mizaha mia ikikosa pa kuning'inia itadondoka. Wewe unacheka mizaha lakini kule nyuma ndege bado inashuka, watu bado wanaumwa, Striker bado anatetemeka, na ndo maana hunyanyuki kwenye kiti.

Na waigizaji je? Hawakutafuta wachekeshaji. Walimchukua Leslie Nielsen, ambae kabla ya hapo watu walimjua kwa kazi za kukunja sura, 1972 alikuwa nahodha wa meli inayozama kwenye The Poseidon Adventure. Wakawachukua na Robert Stack, Lloyd Bridges, Peter Graves, wote ni watu wa muvi nzito. Wakaambiwa waigize vilevile, bila kukonyeza kamera. Nielsen anaigiza daktari, na anaongea upuuzi kwa sura ya mtu anaetoa taarifa ya msiba. Hapo ndo ulipocheka.

Raha sijaiharibu. Ukishajua haya irudie uone kama utacheka kidogo. Mimi nilicheka zaidi.

Dada naigiza kwenye kikundi, tunatengeneza komedi fupi. Dairekta kila sini ananiambia ongeza, ongeza, fanya sura, piga kelele, watu wacheke. Mimi najisikia vibaya kwasababu naona mhusika ananipotea. Yeye ndo mkubwa, nifanyeje? – Muigizaji

Nakuelewa kabisa, na pole, inachosha kufanya kitu ambacho mwili wako unakataa.

Muonyeshe huyo dairekta sini moja, iko kwenye The Gold Rush ya Charlie Chaplin, 1925. Watu wawili wamekwama kwenye kibanda katikati ya theluji, njaa imewashika, hawana kitu. Charlie anachemsha kiatu chake. Kile kiatu walikitengeneza kwa pipi nyeusi ya kutafuna, lakini mtazame anavokipakua. Anakijaribu kwa uma kama kimeiva, anakimwagia mchuzi kidogo, anakigawa sahani mbili, mwenzake anachukua upande wa juu laini na yeye anabaki na soli. Anazungusha kamba za viatu kwenye uma kama tambi. Misumari anainyonya kama mifupa ya kuku. Hafanyi sura hata moja. Anakula kwa adabu kama mtu aliye kwenye hoteli kubwa, kwasababu huyo mhusika, hata akiwa na njaa ya kufa, hataki kuonekana amevunjiwa heshima. Tunacheka, na njaa yao tunaiamini.

Na ilianzia kwenye jambo la kweli na baya sana. Chaplin ameeleza kwamba wazo lilimjia aliposoma habari za wahamiaji waliokwama kwenye theluji ya milima ya Sierra Nevada huko Marekani, baridi ya 1846 kuingia 1847, njaa ikawafikisha kula ngozi na mpaka maiti za wenzao. Angeongeza kelele pale asingefika popote.

Sasa kwa dairekta wako, usibishane nae mbele ya watu, heshima yake ilinde. Mfuate pembeni kabla ya kurekodi umwambie, kaka naomba turekodi mara mbili, moja ya kwako na moja nifanye kimya kimya kama mtu ambae hajui kwamba anachekesha. Hiyo ya pili mwambie akupe jibu la swali moja tu: huyu mtu kwenye hii sini anataka nini, na akikikosa anapoteza nini? Akikujibu, shika hilo jibu, macho yako yawe hapo na sio kwa wanaocheka nyuma ya kamera. Alafu zote mbili muwaonyeshe watu watatu ambao hawajasoma skripti, mkae nyuma yao, msiangalie skrini, waangalieni wao.